Tumbo la Timotheo

Somo: Matendo ya Mitume 28:7–10, 1 Timotheo 5:23

Kanisani kwa mama yangu mdogo, kule Runazi wilayani Biharamulo, kuna benchi la mwisho karibu kabisa na mlango. Kwa miaka mingi lilikuwa benchi la wachelewaji na la akina mama wenye watoto wachanga. Kisha likawa lake.

Mama mdogo alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza. Mahali pake palikuwa mbele, kwenye kwaya. Nilipokwenda kula Krismasi nyumbani nikamwona kule nyuma, amejifunika mtandio, nilidhani amegombana na mwalimu wa kwaya. Hata majirani wengine walidhani hivyo. Wapo waliodhani jambo jingine, nao walilisema kwa sauti ya chini.

Kabla mahubiri hayajafika katikati, alitoka. Akarudi. Akatoka tena. Mara ya tatu hakurudi.

Jioni nilimkuta jikoni akichambua maharage. Nikamwuliza, "Mama mdogo, kwaya umeiacha?" Alinyamaza kwanza, akaendelea kutupa vijiwe pembeni. Kisha akasema, "Mwanangu, tumbo linaniendesha. Mwaka mzima sasa. Kila Jumamosi mchana naacha kula. Watu wanajua nafunga. Nafunga kweli, lakini simfungii Mungu. Nalifungia tumbo lisije likaniaibisha ibadani."

Mpendwa msomaji, sentensi hiyo sijaisahau hadi leo. Nimesikia watu wakisimama kanisani kuomba waombewe presha, sukari, mgongo, miguu, hata deni la benki. Sijawahi kumsikia aliyesimama akasema, "Niombeeni, naharisha tangu mwezi wa tatu." Kuna magonjwa yanayoingia kanisani kwa mlango mkubwa, na kuna yanayobaki uani. Leo tuzungumze juu ya hili la uani.

Aibu yenye historia

Sisi wa Kagera tuna sababu ya kuliogopa neno kuharisha. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa nchini Tanzania walipatikana katika mkoa huu. Miaka ile ugonjwa haukuwa na jina linaloeleweka. Wengine waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichovuma wakati huo. Ng'ambo ya mpaka, Rakai na Masaka nchini Uganda, watu waliuita "Slim", yaani wembamba, na mwaka 1985 madaktari walipouandika kwa mara ya kwanza kwa jina hilo, walitaja dalili mbili kubwa: kukonda na kuharisha kusikokoma.

Tangu hapo, mtu akikonda na kukimbilia chooni, kijiji kilikuwa kimeshatoa hukumu kabla daktari hajafungua kinywa. Tulizika wengi waliokufa bila kupimwa, na wengi waliokufa baada ya kufichwa vyumbani na ndugu zao wenyewe.

Jirani zetu wa Ngara wana kumbukumbu nyingine. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja tu au zaidi kidogo, wakapiga kambi Benaco. Walioziona kambi zile wanajua kwamba penye watu wengi, maji machache na vyoo vichache, kuharisha kunaweza kumwondoa mtoto aliyekuwa akicheza asubuhi kabla jua halijazama.

Kwa hiyo tunajua kuharisha kwa aina mbili: kule kunakoua haraka, na kule kulikotuletea unyanyapaa. Lakini ipo aina ya tatu ambayo hatuizungumzii, nayo ni ya mtu anayeishi na tumbo bovu mwezi hadi mwezi, hafi, haponi, analima, anapika, anakwenda sokoni akiwa ameshahesabu vyoo vyote vya njiani. Wataalamu wa afya huita kuharisha kuwa ni sugu kukizidi wiki nne. Mama mdogo alikuwa na miezi kumi na miwili.

Kwa nini hakwenda hospitali mapema? Alinijibu bila kuficha: "Niliogopa kipimo kimoja." Aliogopa VVU kuliko alivyoliogopa tumbo lenyewe. Akawa ananunua vidonge vya metronidazo duka la dawa, anameza siku tano, anapumzika, ananunua tena. Alikunywa na mizizi ya kila aina aliyoelekezwa. Mwaka ukapita hivyo.

Alipopimwa, VVU hakuwa navyo. Na tuseme wazi: hata angekuwa navyo, lingekuwa jambo la kushukuru kujua. Dawa za kufubaza virusi zinatolewa bure nchini tangu mwaka 2004, na anayezimeza kwa uaminifu kinga yake hupanda, na mara nyingi hata tumbo hutulia. Watu wanaoimba nasi leo kwenye kwaya, tunaowashangaa kwa afya zao, ni mashahidi. Hofu ya kipimo ndiyo iliyomla mama mdogo mwaka mzima.

Alipimwa choo kutafuta minyoo, amiba na kichocho cha tumbo, ambacho ukanda wetu wa Ziwa unacho. Hakikupatikana kitu. Damu ilipoanza kuonekana kwenye choo, akaandikiwa rufaa kwenda Mwanza.

Safari ile ya basi ni ibada yake yenyewe. Kutoka Biharamulo kupitia Geita hadi Busisi, na siku hizo daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa halijafunguliwa, ilibidi kusubiri kivuko. Ninyi mnaosafiri mnajua basi linasimama mara ngapi kwa ajili ya "kuchimba dawa", na mnajua kondakta anavyomjibu anayeomba lisimame mara ya pili. Mama mdogo hakula tangu jana yake, hakunywa hata maji. Alifika akiwa na kizunguzungu, midomo imekauka.

Kwa kipimo cha kamera waliona utumbo mpana umevimba na una vidonda. Daktari alimweleza kwa upole kwamba ugonjwa huu haukuletwa na uchafu wala na dhambi, na kwamba mara nyingi hauondoki moja kwa moja. Unatulizwa. Kutakuwa na miezi mizuri na wiki mbaya. Atakuwa mtu wa dawa na wa kliniki.

"Unatulizwa." Kwa sisi tuliozoea kusikia ushuhuda wa mtu kupona papo hapo, neno hilo ni gumu kulimeza kuliko kidonge.

Matumbo mawili, mtume mmoja

Hapa ndipo Biblia inatusaidia kwa namna ambayo wengi wetu tumeipita bila kuiona.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 28, Paulo na wenzake wameokoka katika ajali ya meli na kutua kisiwa cha Melita, ambacho leo ni nchi ya Malta. Mkuu wa kisiwa, Publio, anawakaribisha. Baba yake Publio yuko kitandani, ana homa na anaharisha damu. Luka, aliyeandika habari hii, anaitwa tabibu katika Wakolosai 4:14, na ndiyo maana hakuona haya kuutaja ugonjwa kwa jina lake. Hakuandika tu kwamba mzee alikuwa "hajisikii vizuri".

Angalia alichofanya Paulo. Aliingia alimokuwa mgonjwa. Yeyote aliyewahi kumwuguza mtu anayeharisha damu, katika nyumba isiyo na bomba la maji, anajua chumba kile kilikuwaje. Paulo aliingia, akaomba, akamwekea mikono yule mzee. Akapona.

Sasa fungua 1 Timotheo 5:23. Ni Paulo yuleyule. Anamwandikia kijana wake mpendwa katika imani, mchungaji Timotheo, ambaye tumbo linamsumbua na ambaye anaugua mara kwa mara. Biblia haisemi ni ugonjwa gani. Wala Paulo hamwambii, "Nitumie leso nikuombee." Hamwambii kwamba imani yake ni ndogo. Anamshauri kuhusu anachokunywa: asitumie maji tu, atumie na mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. (Najua wako ndugu wanaoukumbuka mstari huu kwa sababu nyingine kabisa. Ni ushauri wa tumbo kwa mgonjwa wa zamani zile, na si ruhusa ya kupita kilabuni. Leo tumbo linaloharisha huambiwa likae mbali na pombe.)

Matumbo mawili, mtume mmoja. Tumbo la mzee wa Melita liliponywa siku ileile. Tumbo la Timotheo lilipewa utaratibu wa kuishi nalo. Na Timotheo aliendelea kuwa mchungaji. Paulo hakumwondoa kwenye huduma, wala hakumpeleka benchi la nyuma.

Makanisa yetu yanamhubiri sana mzee wa Melita. Ni vizuri, Mungu anaponya. Lakini ukihubiri Melita peke yake mwaka mzima, akina Timotheo waliomo kanisani wataanza kujiona wana kasoro mbele za Mungu. Ndivyo ilivyomkuta mama mdogo. Miezi minne baada ya kurudi kutoka Mwanza, akiwa amepata nafuu, mtumishi mmoja aliyekuja kwa mkutano alimwambia kuwa kuendelea kumeza dawa ni kukana uponyaji. Akaziacha. Wiki tatu hazikuisha, damu ikarudi, na safari hii alibebwa.

Sikumtaja mtumishi huyo ili tumlaumu. Nimemtaja kwa sababu wengi wetu tumewahi kusema maneno ya namna hiyo kwa nia njema. Naomba tusiyaseme tena. Anayetaka kumwombea mgonjwa amwombee sana, na akimaliza amwulize, "Dawa za jioni umekunywa?"

Utaratibu wa Timotheo

Je, utaratibu huo wa kuishi na tumbo ni upi? Wako wasomaji wa safu hii wanaousoma ukurasa huu wakiwa na siri hii. Kwao naandika yafuatayo, ambayo mama mdogo alifundishwa kliniki na sasa anayafundisha wengine.

La kwanza, nenda ukapimwe. Kuharisha kukizidi wiki nne, acha kujitibu dukani. Sababu ni nyingi: vimelea, kichocho, VVU, kifua kikuu cha utumbo, tezi ya shingo, uvimbe wa utumbo, hata saratani. Wakati mwingine ni dawa unayotumia kwa ugonjwa mwingine. Metformini ya kisukari, kwa mfano, huwasumbua baadhi ya watu tumbo. Usiiache mwenyewe, wala usiache dawa za kufubaza virusi. Mweleze anayekutibu, zipo njia za kurekebisha. Wahi zaidi ukiona damu kwenye choo, ukipungua uzito, ukipata homa, ukiamshwa usiku na tumbo, au ikiwa mabadiliko haya yameanza ukiwa umevuka miaka hamsini.

La pili, kunywa. Wagonjwa wengi huacha maji wakidhani yanaongeza kuharisha, kama mama mdogo ndani ya basi. Kumbe kinachoua kwa haraka ni kukaukiwa maji na chumvi mwilini. Pakiti ya chumvichumvi ya ORS huchanganywa na lita moja ya maji safi na salama. Ikikosekana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, weka vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi. Kinywaji hicho hakiponyi ugonjwa wenyewe, kinakulinda wakati unatafuta tiba. Kikivuka saa ishirini na nne, mwaga utengeneze kingine.

La tatu, kula, tena kidogo kidogo mara nyingi. Kufunga kama alivyofanya mama mdogo kunaondoa nguvu na hakuondoi ugonjwa. Uji, wali laini, ndizi, viazi na supu isiyo na mafuta mengi hupokelewa vizuri na matumbo mengi. Mafuta mengi, pilipili, pombe na soda huchokoza. Kahawa nayo huharakisha utumbo, na hili kwa mtu wa Kagera ni msalaba kweli, lakini jaribu kuipunguza uone. Maziwa vilevile: watu wazima wengi miongoni mwetu matumbo yao hayawezi sukari ya maziwa. Yaache wiki mbili uone tofauti. Wengine wasioweza maziwa mabichi huweza mtindi.

La nne, andika. Mama mdogo ana daftari la kurasa sitini na nne, la shule ya msingi. Anaandika tarehe, alichokula, amekwenda chooni mara ngapi, kama kuna damu. Daktari alipoliona alimsifu, maana ndani yake aligundua kwamba kila siku ya mnada, mama mdogo akila nyama ya kukaanga, siku mbili zilizofuata zilikuwa mbaya. Dawa za kufunga choo usizitumie kabla hujaelekezwa, na kamwe usizitumie ukiwa na damu au homa.

La tano, jitunze heshima. Osha kwa maji badala ya kujisugua, paka mafuta ya mgando ngozi isichubuke. Beba mfuko wenye kanga, nguo ya ndani ya akiba, kipande cha sabuni na chupa ya maji. "Mfuko huu," mama mdogo aliniambia, "umenirudishia mguu wangu. Sasa natoka."

Choo cha nyumba ya Bwana

Na kanisa je? Soma Kumbukumbu la Torati 23:12–14. Mungu anawaagiza Waisraeli watenge mahali pa haja nje ya kambi, na kila mtu awe na chombo cha kuchimbia na kufukia. Na sababu inayotolewa ni kwamba Bwana mwenyewe anatembea katikati ya kambi. Kumbe choo safi ni habari ya uwepo wa Mungu! Sisi tunajenga madhabahu kwa vigae, tunanunua spika mpya, na choo tunakiacha kama kilivyokuwa siku ya kuweka jiwe la msingi: mlango umeng'oka, maji hakuna, kipo mwisho wa uwanja ambapo lazima mtu avuke mbele ya vijana wote waliokaa chini ya mwembe.

Kwa mtu mwenye tumbo la Timotheo, choo kile ndicho kinachoamua kama ataabudu au atabaki nyumbani.

Pale Runazi mabadiliko yalianza na mama mmoja, mke wa mzee wa kanisa. Alimtembelea mama mdogo siku za kulala kitandani. Hakuja na soda. Alikuja na sabuni ya mche, akaomba aonyeshwe shuka, akakaa uani akafua. Alipokuwa anafua alisikia habari yote, maana mtu anayekufulia shuka la namna ile huna tena cha kumficha. Jumapili iliyofuata, kwenye kikao cha akina mama, hakutaja jina la mtu. Alisema tu, "Tuna wagonjwa wanaoshindwa kuja kwa sababu ya choo chetu." Zikachangwa fedha za mlango, komeo, ndoo yenye bomba na sabuni. Wakapanga zamu ya kujaza maji. Hakikutangazwa kitu madhabahuni. Mtume Paulo anasema katika 1 Wakorintho 12 kwamba viungo vya mwili tunavyoviona havina heshima ndivyo tunavyovivika heshima zaidi. Nadhani siku ile kanisa lile lilimwelewa.

Wewe msomaji nawe unaweza kuanza na kidogo. Mhudumu wa mlangoni, usimkodolee macho anayetoka mara ya tatu. Mchungaji, unapotangaza mfungo, sema wazi kwamba wagonjwa na wanaomeza dawa wanaruhusiwa kula. Mwalimu wa kwaya, mwulize kwa faragha mwimbaji aliyepotea. Na wewe mwenye siri hii, tafuta mtu mmoja tu umwambie. Mmoja anatosha kuanzia.

Mwezi wa nane nilikuwa Runazi tena. Mama mdogo amerudi kwenye kwaya, ila sasa anasimama mwisho wa mstari, upande wa mlango. Katikati ya wimbo wa pili aliweka kitabu chini, akachukua mfuko wake, akatoka taratibu. Kwaya iliendelea. Hakuna aliyegeuza shingo. Aliporudi, msichana aliyesimama jirani yake alimwonyesha kwa kidole wamefika ubeti gani, naye akadakia.

Wiki iliyotangulia ilikuwa mbaya, aliniambia baadaye. Damu kidogo, usingizi haba. Tarehe ya kliniki ilikuwa Alhamisi. "Sijapona, mwanangu," alisema akifunga daftari lake, "lakini Jumamosi nilikula."

Bwana atupe macho ya kuwaona akina Timotheo waliomo kati yetu. Jumapili njema.